Raha ya Kupewa

Katika hadithi zinazobuni nchi zisizokuwapo ili kutuonya juu ya nchi tunazoishi, wako watawala wa namna mbili. Wa kwanza hutawala kwa mjeledi. Huyu tunamfahamu vizuri. Shaaban Robert alituchorea sura yake katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951: nchi ambayo wajumbe wake huenda mbali kutafuta maarifa, na warudipo na habari zenye manufaa hutiwa gerezani. Mtawala wa pili hana haja kubwa ya gereza. Yeye hugawa sukari. Watu wake hawalii, hawaombi, hawaandamani. Ukiwauliza hali watakujibu kwamba ni njema, nao hawasemi uongo.

Msomaji hupata urahisi wa kumchukia mtawala wa kwanza, maana kovu la mjeledi linaonekana. Huyu wa pili hututatiza. Mtu akicheka, akala akashiba na kulala usingizi mnono, sisi tulio nje ya kitabu tuna haki gani ya kusema kwamba amepoteza kitu? Na kama tunasema amepoteza nafsi yake, nafsi hiyo ni kitu gani, na ilikuwa wapi kabla ya kupotea? Nataka kulitafutia jibu swali hili kwa kuvitazama vitabu viwili vilivyolianza, na cha tatu kilichoongeza jambo ambalo viwili vya kwanza havikulitia maanani.

Kitabu cha kwanza ni cha Mrusi Yevgeny Zamyatin. Bwana huyu alikuwa mhandisi wa meli, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipelekwa Uingereza kusimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu. Aliporudi kwao aliyakuta mapinduzi, na baada ya miaka michache akaandika riwaya ambayo jina lake kwa Kirusi maana yake ni "Sisi". Ilichapwa kwanza kwa Kiingereza, huko New York, mwaka 1924. Katika nchi yake mwenyewe ilingoja hadi mwaka 1988, na wakati huo mwandishi alikuwa amekwisha kufa Paris tangu mwaka 1937.

Katika nchi ya Zamyatin watu hawana majina, wana namba. Nyumba ni za vioo, na kila mtu huamka, hula na kulala kwa saa moja na wenzake. Anayesimulia ni D-503, fundi mkuu wa chombo kitakachoruka kwenda sayari nyingine kuwapelekea viumbe wa huko furaha iliyopigiwa hesabu. Serikali yake haifichi nia: viumbe hao wasipoielewa furaha hiyo, watalazimishwa kuipokea. D-503 anaandika kumbukumbu za kila siku ili zipakiwe humo chomboni, na kurasa za kwanza ni za kusifu tu. Kisha anakutana na mwanamke, I-330. Anaanza kuota ndoto, usingizi unapotea, hesabu zinamchanganya. Anakwenda kwa daktari, naye daktari anampa habari kama mtu anayetaja maradhi: inaelekea umepata roho.

Hatimaye serikali inavumbua dawa. Kuna mahali katika ubongo panapokaa uwezo wa kuwaza yasiyokuwapo. Pakichomwa kwa miali, mtu hupona. D-503 anakamatwa na kufanyiwa operesheni hiyo. Ukurasa wa mwisho umeandikwa na mtu mtulivu. Anaeleza kwamba amewataja wenzake wote. Ameketi kando ya mtawala akimtazama I-330 akitiwa ndani ya kengele ya kioo na hewa ikivutwa, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, naye mwanamke hasemi neno. Anaona sura yake ikibadilika rangi na kuona kwamba ni nzuri, basi. Anashangaa iwapo kweli ni yeye aliyeziandika kurasa zilizotangulia. Mwandiko ni wake, anakiri, lakini anashukuru kwamba kilichobaki chake ni mwandiko peke yake.

Ukitaka kujua jinsi mtu anavyopoteza nafsi, sidhani kama kuna ukurasa unaoonyesha kwa uwazi zaidi ya huo. D-503 hakufa. Akili yake ya hesabu ni nzima, jina lake, yaani namba yake, ni ile ile. Kilichokatika ni uzi. Mtu wa leo hawezi tena kumwitikia mtu wa jana. Anayasoma maneno yake mwenyewe kama mtu anayesoma barua ya mgeni aliyeugua. Na ustadi wa Zamyatin ni kwamba hakutuambia hayo kwa mahubiri. Alitupa daftari, akatuacha tulione badiliko katika sentensi zenyewe, ambazo mwanzoni zilikuwa zimenyooka, katikati zikavunjikavunjika, na mwishoni zikanyooka tena.

Kitabu cha pili ni Brave New World cha Mwingereza Aldous Huxley, kilichotoka mwaka 1932. Zamyatin anamkata mtu mzima. Huxley anamwanza mtoto kabla hajazaliwa. Katika London yake ya mwaka 632 baada ya Ford watoto huotesha mizizi ndani ya chupa. Yai moja hupasuliwa mpaka likatoa pacha 96 wanaofanana. Wanapangwa katika madaraja matano, kutoka Alpha hadi Epsilon, na wale wa chini hupunguziwa hewa wakiwa bado chupani ili akili isizidi kazi waliyoandaliwa.

Mimi niliyemaliza maisha yangu darasani na katika kuwafundisha walimu siwezi kuzisoma sura za mwanzo za kitabu hiki kama burudani. Watoto wa miezi 8, wa daraja la Delta, wanatambazwa kuelekea vitabu vya picha na maua ya waridi. Wanapoanza kuvishika kwa furaha, king'ora kinalia na umeme unapitishwa sakafuni. Somo hilo hurudiwa mara 200 hivi. Mwishowe vitabu na maua ni vitu vya kuchukiwa maisha yote. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi, na kila chuo cha ualimu nchini kimewahi kuwa na methali hiyo ubaoni. Huxley ameichukua methali kama hiyo, akaifikisha mwisho wake, akatuuliza kama bado tunaipenda.

Lakini humo humo ameweka kisa kidogo ambacho walimu wote wangefaa kukijua. Wataalamu wa nchi hiyo walijaribu kwanza kuwafundisha watoto elimu wakiwa usingizini, kwa sauti iliyonong'ona chini ya mto. Mtoto mmoja, Tommy, alikaririshwa habari za mto Nile. Asubuhi alipoulizwa mto mrefu kuliko yote katika Afrika ni upi, hakujua. Alipoanzishiwa sentensi aliimaliza yote bila kukosea, kwamba Nile ndio mto mrefu kuliko yote katika Afrika. Akaulizwa tena. Akaanza kulia, maana hakujua. Basi wataalamu wakaacha kufundisha elimu kwa njia hiyo. Elimu haiingii bila kuelewa. Waligundua, hata hivyo, kwamba kuna kitu kinachoingia bila kuelewa, nacho ni kupenda na kuchukia. Ndipo wakaanza kuwanong'oneza watoto jinsi ilivyo bahati kuwa wa daraja lao, na jinsi madaraja mengine yasivyofaa: mara 120, siku 3 kwa wiki, kwa miezi 30.

Hapa Huxley amegusa kiini cha jambo. Furaha ya kulazimishwa hufanana na jibu la Tommy. Maneno yapo, sauti ipo, lakini hakuna mtu nyuma yake anayejua anachosema. Mtazame Lenina, msichana mzuri wa kitabu hiki, ambaye si mwovu hata kidogo. Kila jambo linapomgusa moyo, linalomtoka ni moja ya semi alizonong'onezwa utotoni. Rafiki yake Bernard anaisimamisha helikopta usiku juu ya bahari iliyochafuka ili waitazame kimya, na anamwambia kwamba hapo anajihisi kuwa yeye zaidi. Lenina anaona hofu, anafungua redio. Baadaye, anapompenda John kwa dhati, hana hata neno moja lake mwenyewe la kumwambia.

Lugha yetu inaweza kutusaidia hapa. Sisi tuna raha na tuna furaha, na hazifanani. Raha humjia mtu kutoka nje: kivuli, maji baridi, godoro laini. Haihitaji maelezo. Furaha ina sababu. Mtu hufurahia jambo, hufurahi kwa ajili ya mtu. Ukimwuliza, "Umefurahi nini?" atakujibu: mwanangu amefaulu, ndugu yangu amerudi, deni limekwisha. Na huzuni nayo ni hivyo hivyo. Ukimwuliza mtu mwenye huzuni ana nini, jibu lake litakuwa na jina la mtu au la kitu. Aliyemeza soma, kile kidonge cha nchi ya Huxley, hana la kujibu. Amestarehe, lakini hajafurahi kwa lolote. Nafsi ya mtu, kwa maoni yangu, imo katika majibu hayo. Ukimwondolea sababu za kufurahi na za kuhuzunika ukamwachia hali ya kujisikia vizuri, umemwondoa yeye ukaacha mwili wenye raha.

Huxley analithibitisha hili katika sura ya kifo cha Linda. Linda ni mama yake John, yule kijana anayeitwa Mshenzi kwa sababu alizaliwa kwa mimba, katika hifadhi ya wenyeji huko New Mexico, na akalelewa na mama. Wakirudishwa London, Linda anajizamisha katika soma mpaka mapafu yanashindwa. Anakufa katika hospitali ya mahututi yenye manukato, muziki, na televisheni mbele ya kila kitanda. John anapiga magoti kando ya kitanda akilia. Wakati huo huo kundi la pacha wadogo wa Delta limeletwa kuzoezwa kifo, na hupewa keki za chokoleti ili kifo na utamu viambatane akilini mwao. Muuguzi anatishwa na kilio cha John, kwa kuwa kinaweza kuharibu mazoezi ya watoto.

Sisi husema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Katika hospitali ile hakuna wa kuingia, kwa sababu hakuna anayejua maana ya kufiwa. Msomaji wa kwetu, aliyewahi kukaa matanga, anahisi baridi ya ukurasa huo. Matanga hayaondoi uchungu wala hayakusudiwi kuuondoa. Yanamshuhudia mfiwa kwamba aliyeondoka alikuwa mtu, na kwamba anayelia naye ni mtu. Anayenyimwa kilio amenyimwa pia ushahidi kwamba alipata kumpenda yeyote.

Sasa sharti nilete upande wa pili, maana mhakiki asiyewasikiliza wapinzani hana tofauti na baraza la Kusadikika. Mwaka mmoja, nilipokuwa nikiisimulia riwaya hii kwa wanachuo wangu, kijana mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, shikamoo yako nimekwisha kuitoa asubuhi, sasa naomba nikubishie. Kwetu nimezikia wadogo zangu wawili kwa surua katika msimu mmoja. Huko kwa Huxley hakuna surua, hakuna njaa, hakuna mzee anayeteseka. Mimi nipe hicho kidonge." Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Nami sikumkemea, kwa sababu alikuwa ametoa hoja ya Mustapha Mond mwenyewe, mmoja wa wale watawala kumi wa dunia ya Huxley, naye Mond si mpumbavu. Amemsoma Shakespeare. Anajua walichokitoa sadaka. Anasema tu kwamba utulivu una bei, na bei imelipwa.

Nilimjibu kijana yule kwa kumwomba atazame tena ni vitu vingapi vimewekwa katika kikapu kimoja. Chanjo ya surua ni kitu kimoja. Ugali wa kutosha ni kitu kingine. Kidonge cha kusahau ni cha tatu. Mond anavifunga pamoja na kutuambia tuchukue vyote au tuache vyote, na mshenzi John, kwa hasira ya ujana, anakubali masharti hayo: anadai haki ya kuwa na huzuni, na Mond anapomhesabia uzee, njaa, maradhi na mateso, anadai vyote. Hapo John ananaswa. Hakuna aliyethibitisha kwamba mtoto hawezi kupona surua bila kukatwa ulimi wa moyo. Mtazame vilevile anayepewa soma. Wahudumu 162 wa ile hospitali, wote Delta, hupanga foleni jioni kazi ikiisha, wagawiwe vidonge. Kidonge kile hakikutolewa kwa huruma. Ni sehemu ya ujira, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba kesho watarudi bila kuuliza swali. John anapovitupa vidonge hivyo dirishani wanamvamia, na polisi wanafika kuwanyunyizia mvuke wa soma mpaka wakumbatiane kwa machozi ya upendo. Kijana wangu aliomba dawa ya wadogo zake. Asingeomba kusahau majina yao.

Nikisha kuyasema hayo, sina budi kuonyesha penye udhaifu wa Huxley. Wasomaji wengi humchukua John kuwa ndiye nafsi ya kweli iliyobaki duniani. Sikubaliani nao. John naye amefinyangwa, kwa kitabu kikuukuu cha Shakespeare kilichotafunwa na panya, kwa desturi za hifadhini, na kwa upweke wa mtoto aliyetengwa. Anapompiga Lenina kwa maneno ya Shakespeare, hana uhuru mkubwa kuliko Lenina mwenye semi za usingizini. Mwishowe anajificha katika mnara wa taa wa zamani huko Surrey, anajichapa mijeledi, na watu wanapomiminika kumtazama kama sinema, anajinyonga. Mwandishi amempa mtu wake njia mbili tu, wazimu wa raha na wazimu wa mateso. Huxley mwenyewe alilitambua kosa hilo, na katika dibaji ya mwaka 1946 alisema kwamba kama angeiandika upya angempa John njia ya tatu.

Hata hivyo udhaifu huo unatufundisha. Hakuna nafsi isiyofinyangwa na mtu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kwa Epsilon, kwa John, na kwa wajukuu wangu. Tofauti ya malezi na ufinyanzi wa chupani iko hapa: mzazi na mwalimu humpa mtoto maneno ambayo siku moja atawajibia nayo. Kituo cha Huxley humpa maneno ya kuziba nafasi ya jibu. John ana maneno ya watu wengine, kweli, lakini maneno yale yanamwezesha kubishana na Mond hadi Mond anyanyue mabega. Lenina hawezi kubishana na mtu yeyote, hata na nafsi yake.

Kitabu cha tatu ni Fahrenheit 451 cha Mmarekani Ray Bradbury, cha mwaka 1953. Yeye aliongeza kwamba mtawala si lazima aanze. Katika nchi yake zimamoto huchoma vitabu, lakini mkuu wao, Beatty, anaeleza kwamba serikali haikuanzisha jambo hilo. Watu wenyewe walichoka kufikiri, wakaomba vitu vifupi zaidi na vyepesi zaidi. Mildred, mke wa mzimamoto Montag, anaishi katika chumba ambacho kuta tatu ni televisheni, na anataka ya nne. Usiku mmoja anameza chupa nzima ya vidonge vya usingizi. Wanakuja mafundi wawili, si madaktari, na mashine ya kunyonya tumbo. Wanasema kesi kama hizo hupata tisa au kumi kila usiku. Asubuhi Mildred anaamka na njaa, na mumewe anapomweleza alichofanya, anakataa katakata. Hawezi kufanya jambo kama hilo, kwa nini alifanye? Huyu naye, kama D-503, hautambui mwandiko wake. Tofauti ni kwamba hakuna aliyemshika kwa nguvu. Siku hizi, ninapowaona watu wazima matangani wakiinamia simu zao kabla kaburi halijafukiwa, humkumbuka Mildred kuliko Lenina.

Kuna mtu mmoja katika Brave New World ambaye wahakiki humpita, kwa sababu anakaa katika aya chache tu. Ni mwendesha lifti, Epsilon wa daraja la chini kabisa, aliyetengenezwa asiwe na akili ya kutamani chochote. Kazi yake ni kupanda na kushuka gizani. Lifti inapofika juu anafungua mlango, jua la alasiri linamwangukia, naye anashtuka kama aliyeamshwa usingizini. Analitaja paa kwa sauti ya furaha, mara ya kwanza na ya pili, na kuwatazama abiria usoni kwa mshangao, kama anayetaka wamthibitishie alichokiona. Wao wanatoka wakicheka na kuzungumza. Kisha kipaza sauti kinamwamuru ashuke, naye anafunga mlango na kurudi chini gizani.

Ukimwuliza mtu huyo amefurahi nini, ana jibu. Alilisema. Hakumeza kitu wala hakunong'onezwa. Waliomtengeneza walimpunguzia hewa, wakampimia akili kwa kijiko, na bado mwanga ulipomfikia alikuwapo mtu wa kuupokea. Kwa hiyo sikubali kwamba kitabu hiki ni cha kukata tamaa, ingawa mwisho wake ni kamba. Nafsi haimaliziki kwa urahisi kama watawala wa sukari wanavyodhani. Inachohitaji ni mtu mmoja kati ya wale wanaotoka kwenye lifti ageuke, amsikilize, na kumwitikia: naam, ni paa, nami naliona.